Bowa Ishirini na Tatu

Mke wangu Virginie ana miaka sitini na moja. Magoti yake yanalalamika akipanda hata ngazi mbili, lakini mvua za Desemba zikishika tu, utamkuta porini saa kumi na mbili asubuhi, kisu mkononi, kikapu begani, anatembea ameinama kama mtu aliyeangusha pete. Anatafuta bowa. Kwingine watu husema uyoga. Sisi hapa Lubumbashi tunasema bowa, na mtu akinipikia bowa na unga wa kalanga, akaniwekea bukari, ugali wetu, ya moto pembeni, mimi sina ugomvi naye juu ya jina.

Mimi ni Constantin, mzee wa reli, nimestaafu. Baba yangu alifanya kazi ya reli, na mimi nikafuata. Kwa habari za reli naweza kuongea mpaka ukasinzia. Kwa habari za bowa, kazi yangu ni kula. Nasema mapema, mtu asije akaniuliza ipi ni ipi.

Virginie alizaliwa Lukafu, na bibi yake alimfundisha bowa kabla hajajua kusoma. Alimfundisha kuinusa, kuigeuza chini juu, kuing'oa na udongo wake ili aone mguu. Nilipomuoa tukajenga Kasungami, enzi zile Kasungami bado ni mashamba matupu. Alishona nguo za watu, akalea watoto wanne, na kila msimu wa mvua alikwenda kuokota bowa peke yake. Majirani walikuwa wananunua zao barabarani. Watoto wetu walikuwa wepesi wa kula, ila ukiwaambia twendeni porini, huyu anaumwa kichwa, yule ana mtihani. Basi alikuwa anarudi na kikapu kimejaa, hana mtu wa kumwonyesha ila mimi. Na mimi nilikuwa nasema "mm." Miaka thelathini na mitano ya "mm"! Nikikumbuka leo naona haya.

Halafu binti yetu Christiane, aliyeolewa Kolwezi, akamtumia mama yake simu ya kugusa. Amani ya nyumba yangu ikaishia hapo.

Siku ya kwanza Virginie aliweka Facebook picha ya bowa kubwa ameishika juu ya kichwa kama mwavuli, akaandika: "Bibi yangu aliita hii kwa jina la kwao. Kwenu munaiitaka namna gani?" Nilimwambia, Mama Christiane, nani ana muda na uyoga wako? Kwa siku mbili walijibu watu mia moja na arobaini. Mmoja aliandika kutoka Pweto, mwingine yuko Ulaya, anasema hajala bowa miaka kumi na moja na machozi yanamtoka. Walibishana majina kwa Kibemba na Kiluba mpaka nikadhani watapigana. Virginie alikaa na simu ile kwenye cherehani, anacheka peke yake. Bukari yangu iliungua mara mbili wiki ile.

Ndipo akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Bowa Yetu. Mwaka jana lilifika watu mia nane na zaidi: walimu, madereva, wamama wa soko, vijana wa chuo. Jumamosi waliokuwa karibu walikutana wakaenda porini naye, wengine wamevaa viatu vya kanisa, ajabu! Mke wangu, ambaye nilikuwa namjibu "mm," sasa alikuwa na watu ishirini nyuma yake wanamuuliza maswali kwa heshima.

Lakini alikuwa mkali kwa jambo moja. Bowa zipo zinazoua, na zinafanana na ndugu zao nzuri. Kwa hiyo sheria ya kundi ilikuwa picha tatu: ya juu, ya chini, na ya mguu uliong'olewa na udongo wake. Picha moja hajibu. Mtu akituma moja, Virginie anaandika, "Leta mbili zilizobaki." Hata padri mmoja alimrudisha hivyo hivyo.

Sasa kulikuwa na kijana wa kike kwenye kundi anaitwa Dorcelle. Hatukuwahi kumwona kwa macho. Tulijua sauti yake tu, maana usiku na mchana alikuwa anamtumia Virginie ujumbe wa sauti. Ameolewa na mtoto wa wafanyabiashara kutoka Butembo, watu wa kuuza kwa jumla, na shida yake ilikuwa moja. "Mama Virginie, nilipika tena leo. Mama mukwe alikula kimya. Hata neno moja." Miaka minne alikuwa anampikia yule mama, miaka minne hajasikia "tamu." Virginie alikuwa anamjibu huku anakanyaga cherehani, "Vumilia, mwanangu, siku moja utamupata kwa bowa."

Hayo maneno yalikuja kumuuma baadaye.

Ilikuwa Jumapili. Tumeshavaa, mimi niko mlangoni na kofia mkononi, misa haisubiri mtu. Simu ikalia. Virginie akaitazama, akaanza kutafuta miwani yake.

"Mama Christiane! Acha hiyo simu, tunachelewa!"

"Dakika moja. Dorcelle ametuma picha ya kikapu, na amevaa kitenge kipya. Siwezi kumwacha bila neno."

"Basi mwambie neno twende!"

Na kwetu sisi ni hivyo. Mtu akikuonyesha mtoto wake, nywele zake, sahani yake, huwezi kumnyamazia, atasema umemwonea wivu. Virginie akaandika bila miwani, anatembea: "Félicitations ma chérie, bon appétit!" Yaani hongera mpenzi, kula kwa raha. Akaitia simu kwenye mkoba. Mimi nilifurahi kwamba tunakwenda. Nasema ukweli wangu, mimi ndiye niliyemharakisha.

Tulirudi saa sita mchana. Nilikuwa sijavua hata viatu, nikasikia sauti yake chumbani. Hakupiga kelele. Alisema pole pole tu, "Baba Christiane. Kuya hapa."

Alikuwa amekaa kitandani, miwani machoni, simu mkononi. Akanionyesha ile picha. Mimi niliona kikapu cha bowa nyeupe, nzuri, zinang'aa.

"Angalia pale kwa kona," akasema. "Mbili zile zimelala ubavu. Chini yake iko rangi gani?"

Nikaangalia. Ilikuwa inaelekea kijani.

"Bibi yangu alinikatazaka hata kuzigusa," akasema. "Na Dorcelle alituma picha moja tu. Moja! Na miye nilimwambia bon appétit. Ni huu mukono wangu uliandika."

Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa pili, wa saa tatu asubuhi: "Aksanti sana mama! Basi zote napelekea mama mukwe, leo ni sikukuu yake ya kuzaliwa. Atapika mwenyewe vile anapenda." Baada ya hapo, kimya. Tulipiga simu ya Dorcelle mara saba. Imezimwa.

Nimeona mengi kwenye reli. Sijawahi kuona uso wa mke wangu kuwa namna ile. Alikuwa anajiambia mwenyewe, "Nimemuua mama ya mutu. Nimemuua na adabu yangu."

Na nyumba ya Dorcelle hatuijui. Kundi zima halijui. Lubumbashi ni kubwa, utaanzia wapi? Virginie akatuma ujumbe wa sauti analia: nani anamjua Dorcelle, nani anajua kwao ni wapi, amewapa wakwe zake bowa mbaya. Majibu yakaanza kuingia. Wa kwanza akaandika "Amen." Wa pili, "Courage mama, Mungu iko." Wa tatu, huyu hakusikiliza hata nusu, akatuma picha ya keki: "Bonne fête kwa mama mukwe!"

Hapo nikapandwa na hasira. Nikanyang'anya simu, nikabonyeza pale nilipomwona anabonyezaga, nikatuma ujumbe wangu wa kwanza wa sauti tangu nizaliwe. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Muko na vichwa ao muko na maboga? Mutu anaweza kufa leo, nanyi munatuma keki! Wote nyamazeni na amen zenu! Angalieni mapicha za huyu mutoto, moja moja, mutafute nyumba!"

Amen zikakoma. Kisha wakaanza kazi, na hapa ndipo nilipojua mke wangu alikuwa amejenga nini. Watu wale, miaka mitatu kazi yao ni kukuza picha na kutafuta mdudu mdogo kwenye mguu wa bowa. Kwao picha si kitu cha kupitia juu juu. Mwalimu mmoja anaitwa Léa akapata picha ya Dorcelle ya mwezi wa pili, bowa iko kwenye kizingiti, na nyuma yake kuna magunia ya mchele, na nyuma ya magunia ukuta wa bluu wenye herufi tatu kubwa: K, A, T.

Haikupita dakika, ikaingia sauti nene ya mtu anaitwa Hénoc, dereva wa kubeba mizigo. "Ile ukuta naijua miye. Ni dépôt ya Kataliko, gala ya mchele kule Ruashi. Ninashushaka magunia pale kila wiki. Mama Virginie, tokeni mungoje barabarani, nakuya kubachukua."

Alikuja na gari lake dogo linalopiga kelele kuliko treni. Njiani Virginie alishika rozari tu. Mimi nilihesabu masaa kichwani. Saa tatu amepewa, saa nne amepika, saa tano amekula. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Tulipiga mlango wa chuma wa pale dépôt wakati mmoja sisi watatu. Akafungua Dorcelle mwenyewe, na kile kitenge cha kwenye picha. Akamtambua Virginie, akaruka kwa furaha. "Mama Virginie! Kwetu hapa! Ulijuaje nyumba? Umeme haiko tangu jana, simu yangu imekufa..."

"Mutoto, mama mukwe wako iko wapi?"

Alikuwa sebuleni, Mama Kataliko, mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa vizuri, amekaa wima kwenye kiti. Mzima. Nilitaka kumshukuru Mungu, lakini Virginie alikuwa ameshapiga magoti mbele yake.

"Mama, unisamehe. Ile bowa mutoto alikuletea asubui. Iko wapi?"

Mama Kataliko akatutazama sisi wageni mmoja mmoja. Kisha akamtazama mkwe wake, aliyesimama pale na mikono imeshikana kifuani. Akatabasamu kidogo.

"Ile bowa? Nilishakula yote. Ilikuwa tamu sana."

Dorcelle akaziba uso kwa mikono. Tamu! Baada ya miaka minne! Alianza kulia kwa furaha, maskini, na wakati uleule Virginie akapiga yowe ambalo sitalisahau. "Yoo, mama! Yote! Ile bowa iko na sumu!"

Sitaeleza kila kitu. Dorcelle alianguka kwenye zulia, tukamwinua. Hénoc alitaka kumbeba Mama Kataliko, mama akampiga kofi mkononi. "Uniache! Niko na miguu!" Tukamtia kwenye gari kati ya Virginie na Dorcelle, mimi mbele, tukatoka mbio kwenda kituo cha afya. Virginie alikuwa amemshika kiganja anasikiliza mshipa. "Tumbo linauma, mama? Unaona kizunguzungu? Ulikula sahani ngapi?"

"Siumwe kitu," akasema Mama Kataliko.

"Inaanzaka hivyo!" Virginie akalia.

Dorcelle alikuwa ameinamisha kichwa kwenye magoti ya mama mkwe wake, anarudia neno moja tu, "Nilimuua mama. Bwana yangu Bénit akirudi safari nitamwambia nini? Nilimuua mama. Siku moja alinipenda, na nikamuua."

Niligeuka nyuma nikamwona yule mama. Alikuwa anatazama kichwa cha yule mtoto kwenye magoti yake. Akaweka mkono juu ya nywele zake, akauondoa, akauweka tena.

"We chofere," akasema. "Simamisha gari."

"Anataka kutapika!" nikapiga kelele. "Simamisha!"

"Sitaki kutapika, baba. Nataka kusema." Akavuta pumzi. "Dorcelle. Mutoto yangu. Sikukula."

Gari likazima lenyewe. Hata Hénoc hakulijali.

"Kwetu Butembo nakula bowa ninayoijua," akasema. "Ya huku siijue. Naiogopa. Lakini uliamuka mapema, ukavaa kitenge kipya, ukaleta kikapu na mikono mbili, siku yangu ya kuzaliwa. Ningekuambia nini? Ulipoenda soko, nilichimba shimo nyuma kwa migomba, nikazifukia zote. Halafu nikachafua sufuria na mafuta, nikaiosha, nikaianika pale utaiona. Ungeniuliza ukirudi, ningesema tamu. Na mbele ya hawa wageni ningesemaje, kama nilitupa zawadi yako?"

Halafu Dorcelle akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Hénoc akapiga honi bila sababu, na mimi, mzee mzima, nikavua kofia nikajifuta macho nayo. Ulikuwa mzigo wa gunia zima, umetoka kifuani.

Mke wangu peke yake hakucheka. "Twende nione," akasema.

Tukarudi. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, Mama Kataliko akaonyesha mahali palipomwagiwa majivu. Virginie akapiga magoti kwenye udongo na nguo yake ya misa, akafukua kwa mikono. Alikuwa ameshazihesabu kwenye picha: ishirini na tatu. Akazitoa moja moja akizipanga juu ya jani la mgomba, sisi tunahesabu pamoja naye kama watoto wa katekisimu. Ya kumi na nane ilikuwa na kijani chini yake. Ishirini. Ishirini na mbili.

Shimo likaisha.

"Inakosa moja," Virginie akasema. "Kijani ya pili. Mama, ninakuomba. Iko wapi?"

Hofu ikarudi upya. Mama Kataliko alisimama anafikiri, kidole kwenye shavu, halafu akaingia ndani pole pole. Akarudi na kikapu. Akakigeuza, akakipiga kwenye kitako. Bowa ya ishirini na tatu ikaanguka miguuni mwa mke wangu, nzima, haina hata alama ya jino.

Virginie akakaa chini kwenye majivu. Hapo ndipo alipolia, na alilia muda mrefu. Sikumwambia nyamaza. Nilikaa kando yake, nikamwambia, "Ni mimi nilikuharakisha." Akasema, "Ni mimi niliandika." Tukaliacha hapo. Hénoc akatuma kwenye kundi picha ya zile ishirini na tatu juu ya jani, na maneno matatu: "Mama iko muzima." Simu ililia mpaka chaji ikaisha.

Siku ileile Virginie aliandika sheria mpya, na iko pale juu mpaka leo: kwenye kundi la Bowa Yetu hakuna bon appétit. Adabu yetu, peleka kwenye picha za watoto wachanga.

Jumamosi iliyofuata alimchukua Dorcelle porini, yeye na Léa na Hénoc, na mimi. Ndiyo, mimi pia. Tuliokota tente, ile bowa nyeupe aliyoanza nayo kwa bibi yake. Dorcelle alipiga picha tatu za kila moja. Virginie alizigeuza zote kwa mkono wake, miwani machoni, mara mbili. Tukaenda Ruashi, Dorcelle akapika na kalanga, Mama Kataliko amekaa mlangoni mwa jikoni anasimamia kila kitu. Kabla ya kumpa, Virginie alikula kwanza. Halafu nikala mimi, na nilikula vizuri. Tukangoja. Yule mama alitutazama nusu saa nzima, aone kama tutaanguka.

Mwishowe akavuta sahani. Akaosha mikono. Akakata bukari, akachovya, akatafuna polepole, macho yake kwenye dari. Dorcelle alikuwa amesimama pale na mikono imeshikana kifuani, kama Jumapili ile.

Mama Kataliko akameza. Akatafuna tena tonge la pili, akameza.

"Chumvi iko kidogo," akasema.

Dorcelle akamtazama. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Aksanti, mama," akasema, akakimbia kuleta chumvi.